Maswali na Majibu: Kompyuta Haikuipanga Ile Namba Nyekundu

Safari hii karibu wote mmeuliza jambo moja kwa sura tofauti: injini izungushwe hadi wapi? Naanza na swali lililoniudhi.

Toyota IST yangu yenye injini ya 1NZ inakata mafuta mshale wa mizunguko ukigusa namba nyekundu. Kuna jamaa wa kompyuta hapa Sinza anasema kwa laki mbili ataifungua ifike mizunguko 8,000 kwa dakika. Nilipe?

Usilipe. Ile namba ilipangwa na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini), boliti zake, springi za vali (milango ya hewa na moshi) na bering. Kompyuta ya injini ni mlinzi tu.

Twende na hesabu. Tuseme pistoni na pini yake ni gramu 300. Katika injini yako pistoni inasafiri milimita 84.7 kutoka juu hadi chini. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila ikifika juu na kulazimishwa kugeuka, inaivuta konrodi kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 600. Ukifika 8,000 usidhani umeongeza theluthi. Nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha pili, kwa hiyo umeongeza karibu asilimia 78 na umeshavuka tani moja. Mvuto mbaya zaidi huja pistoni inapomaliza kusukuma moshi nje, kwa sababu hapo hakuna mlipuko wa kuikandamiza kutoka juu. Mzigo wote unabaki kwa konrodi na boliti zake mbili nyembamba.

Najua utaniletea habari za Honda S2000. Kweli, injini yake ya F20C inafika 9,000, na pistoni yake inasafiri milimita 84, karibu sawa na yako. Wastani wa mwendo wa pistoni hapo ni mita 25 kwa sekunde. Yako kwa 6,000 ni 17. Lakini Honda walifua pistoni, wakafua konrodi, na mfumo wa vali wakaujengea kasi hiyo. Wao walilipia vyuma, wewe unalipia laptop.

Na kama injini yenyewe ni ya mtumba, nina swali kwako: aliyeifungua mara ya mwisho alizipima boliti za konrodi? Zile hukazwa kwa kipimo, kisha zikazungushwa digrii 90 zaidi, na hapo huvutika. Zikishakonda hazifai kurudishwa. Fundi anayekaza kwa kusikilizia mkono akakwambia "hii imeshika" amekushushia kikomo cha injini bila kugusa kompyuta. Nimeshaandika haya mara nyingi, na bado watu wanabana bei ya boliti huku wakinunua rimu mpya.

Nikiweka oili nzito naweza kuzungusha zaidi?

Hapana. Weka iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Nilikuwa nashuka mlima Kitonga gia ya tano, nikataka ya nne, ikaingia ya pili. Injini ililia kidogo, sasa inagonga. Si kuna kikomo cha kuzuia?

Kikomo kinakata mafuta. Hapo injini haikuhitaji mafuta, ilikuwa inazungushwa na matairi, na kompyuta haina mkono wa kuyashika. Kutoka ya tano hadi ya pili mizunguko huongezeka zaidi ya maradufu: ulikuwa 4,000, basi ulipita 8,000 kabla hujakumbuka klachi.

Kwa kawaida springi za vali ndizo hushindwa mwanzo. Kwa mizunguko 6,000 kila vali inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde. Ukipita uwezo wa springi, vali haiwahi kurudi, na pistoni inaikuta bado iko njiani. Usiiwashe tena "tusikilize". Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), fungua sampo (bakuli la oili chini ya injini) uangalie bering za konrodi, na ukiona vali imepinda usikubali kunyooshewa. Wenye gari za otomatiki msicheke. Zenu zinakataa tu kushusha gia kwa kasi hiyo.

Kwa nini Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ inaishia karibu 4,000 wakati ina injini kubwa?

Kwa sababu ni kubwa. Pistoni inasafiri milimita 100, na vyuma vyake ni vizito ili vibebe mgandamizo wa dizeli. Isitoshe, dizeli huungua taratibu kuliko petroli, hivyo ukizidisha mizunguko unaongeza kelele na moshi tu. Anayekushauri ulegeze gavana ya pampu (kidhibiti cha mizunguko) ili ipande hatalipia kranki.

Asubuhi nipige resi kidogo injini ipate moto?

Swali hili tena! Usipige. Hata kwa joto la Dar, oili iliyolala usiku kucha ni nzito kuliko ya injini iliyochemka, na mshale wa maji hupanda kabla oili haijapata moto. Washa, subiri kidogo, ondoka taratibu, usizidi 3,000 hadi utakapokuwa umetembea dakika kumi. Foleni ya Morogoro Road itakusaidia.

Nimenunua pistoni nyepesi Kariakoo. Sasa naweza kupandisha kikomo?

Umepima uzito wa zote nne kuona kama zinalingana? Kama hujapima, hata kikomo cha zamani usikifikie.