Mteja mmoja anahesabiwa wawili kwenye HashSet, nimekosea wapi?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Natengeneza mfumo wa Java kwa ajili ya duka la spea za bodaboda hapa Kariakoo. Klasi ya Mteja nimeiwekea equals(Mteja m) inayolinganisha namba ya simu, nikijaribu mwenyewe a.equals(b) kwa wateja wawili wenye simu moja inaleta true, ila nikiwaweka kwenye HashSet, ambayo haitakiwi kubeba wanaofanana, wanakaa wote wawili, na nikitumia == inaleta false. Siku ya pili hii sijalala vizuri, naomba msaada.

JIBU: Salama mdogo wangu, pole sana. Hilo la == tulimalize haraka, kwenye obijekti alama hiyo haiangalii ndani kuna nini, inaangalia tu kama majina yote mawili yanaelekea kwenye obijekti ile ile moja kwenye memori, na wewe umeita new mara mbili kwa hiyo lazima iwe false.

Sasa tatizo lenyewe. Hebu angalia mabano ya equals yako, umeweka Mteja. Ile equals ya asili inayorithiwa kutoka kwa Object inapokea Object, maana yake hujaibadilisha, umeongeza nyingine pembeni yenye jina lile lile. Ukiita mwenyewe kompaila inaona b ni Mteja inachukua ya kwako, lakini HashSet inaita ile ya Object, na ile haina tofauti na ==. Ungetanguliza @Override, ile alama ya kuiambia kompaila kwamba unabadilisha ya kurithi, kompaila ingegoma hapo hapo ukalala zako, mi siandiki equals bila hiyo alama hata siku moja.

Halafu hashCode, ile inayotoa namba (hashi) ya obijekti, hujaandika kabisa. HashSet haipiti kwa kila aliyemo kumlinganisha na mgeni, hiyo ingekuwa kumtafuta mtu Kariakoo nzima duka kwa duka. Inaanza na hashCode, ndo inayosema aende mtaa gani, tuseme Msimbazi au Kongo, akishafika ndo equals inaulizwa kwa waliopo mtaa huo tu. Wateja wako wawili kila mmoja ana hashi yake, kwa kawaida wanatumwa mitaa tofauti, watakutana wapi? Ndo maana sheria ni kwamba obijekti mbili zikiwa sawa kwa equals, hashCode zao lazima zilingane.

Andika hivi (hiyo instanceof yenye jina mbele inataka Java 16 kwenda juu, na null inaikataa yenyewe):

@Override
public boolean equals(Object o) {
    return o instanceof Mteja m && nambaYaMteja.equals(m.nambaYaMteja);
}

@Override
public int hashCode() {
    return nambaYaMteja.hashCode();
}

Umeona nimeitoa simu. Hapa naomba unisikilize vizuri maana pamewahi kuniumiza. Kuna mfumo niliujenga hashi ikatoka kwenye namba ya simu, mteja akabadili laini, karani akaingiza namba mpya kwenye obijekti ambayo tayari ilikuwa ufunguo kwenye HashMap (mapu inayotafuta kitu kwa ufunguo wake, nayo hutumia hashi), kuanzia hapo nikimtafuta inaleta null, nikiprinti mapu nzima namuona yumo! Alibaki mtaa wa zamani wakati hashi mpya inaelekeza kwingine. Na watu wa Dar unawajua, mmoja ana laini mbili tatu, simu haimtambulishi mtu. Mpe kila mteja namba ya mfumo, ndiyo hiyo nambaYaMteja, iwe final, isibadilike milele.

Simu itumie kule kwenye kusajili, kabla hujampa namba mpya kagua kama yupo, ila uziweke kwa mtindo mmoja kwanza maana karani mmoja ataanza na 0 mwingine na 255, kwa String hizo ni mbili tofauti.

Kuna watakaokwambia geuza Mteja iwe record (klasi fupi ya Java ya kubeba data tu) upate vyote bure. Ni kweli inakuandikia equals na hashCode, ila inalinganisha fildi zote, akibadili simu tu anahesabika mtu mwingine. Kwa mteja hapana, kwa kitu kama bei na sarafu yake sawa.

Rekebisha, kisha weka wateja wawili wenye nambaYaMteja moja uprinti size(). Ikija 2 nitumie klasi nzima niione.