Heliamu haijaisha, ila inatuponyoka

SWALI: Heliamu imo hewani. Kwa nini basi tunaambiwa inaadimika?

Imo, lakini ni kama sehemu 5 tu katika kila sehemu milioni za hewa. Kuichuja humo hakulipi. Tunayotumia imetoka chini ya ardhi. Urani na thori, metali za mnururisho zilizomo kwenye miamba, huoza polepole, zikitoa chembe za alfa ambazo zikipata elektroni huwa atomu za heliamu. Gesi hiyo hupanda na kutoroka, isipokuwa pale inapokwama chini ya tabaka kama la chumvi, mara nyingi pamoja na gesi asilia.

Hapo ndipo penye tatizo. Qatar, mmoja wa wazalishaji wakubwa pamoja na Marekani, ina gesi yenye heliamu ya takribani 0.04% tu. Inalipa kwa sababu gesi ile inapopozwa ili isafirishwe, methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, hugeuka kimiminika na heliamu hubaki juu ikiwa gesi. Mtambo wa methani ukisimama, heliamu nayo inakatika. Hukatika pia njia ya kuisafirisha ikifungwa, kama ilivyotokea mwaka 2017 Qatar ilipowekewa vikwazo na majirani zake.

Ndiyo maana tunaipa uzito Rukwa, Tanzania. Chemchemi za huko hutoa mapovu ambayo sehemu kubwa ni nitrojeni, na heliamu hufika hadi takribani 10%. Haitegemei soko la methani. Lakini mapovu si akiba: mpaka kisima kijaribiwe na mtiririko wake upimwe kwa muda.

SWALI: MRI yetu, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku inayopozwa na heliamu, inapoteza heliamu. Tuanzie wapi?

Anzeni na maji ya kupozea. Sumaku ya aina iliyozoeleka hubeba lita 1,500 hivi au zaidi za heliamu kimiminika, kwenye nyuzi -269 za Selsiasi. Kipoza kilichofungwa juu yake hurudisha mvuke kuwa kimiminika, kikisukumwa na kompresa inayopozwa kwa maji. Maji yakisimama, kompresa hujizima na heliamu huanza kuchemka. Kipoza kinachofanya kazi hudunda kwa mpigo usiobadilika, hata usiku. Mdundo ukikoma, mwiteni fundi saa hiyohiyo. Kompresa isizimwe wikendi kwa kubana umeme. Andikeni kiwango cha heliamu kila siku, maana kinachoshuka kidogokidogo hakionekani bila daftari.

Kagueni pia bomba la kutolea nje. Lita moja ikichemka hutoa lita 700 na ushee za gesi. Bomba likiziba, gesi hiyo hufukuza oksijeni chumbani.