Elektrodi Ndani ya Ubongo: Majibu kwa Maswali Yenu

Kwa nini mgonjwa wa kifafa atobolewe fuvu wakati kuna kipimo cha kubandika waya juu ya kichwa?

Kipimo hicho, EEG, ndicho kinachotangulia, na wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba fuvu na ngozi hufifisha umeme wa ubongo, na kifafa kinachoanzia ndani sana huweza kufichika. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa. Baadhi yao hupona daktari akiondoa sehemu kinakoanzia kifafa, ila lazima aijue kwanza. Hapo ndipo elektrodi, yaani waya nyembamba za kunasa umeme wa ubongo, zenye unene wa kama milimita moja, hupitishwa kwenye matundu madogo hadi ndani. Waliobuni njia hii ni madaktari Jean Talairach na Jean Bancaud, katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Mgonjwa hulazwa wiki moja au mbili, mara nyingi akiwa amepunguziwa dawa, kamera ikimfuatilia usiku na mchana, hadi kifafa kimshike. Kukubali kungojea kile unachokiogopa kuliko vyote kunahitaji moyo.

Ubongo hauumi?

Wenyewe hausikii maumivu. Ngozi ya kichwa na utando unaofunika ubongo ndivyo vinavyouma, kwa hiyo kuna dawa ya usingizi. Hatari kubwa ni kuvuja damu na maambukizi. Hazitokei mara nyingi, lakini mgonjwa aelezwe waziwazi.

Ni kweli ilipatikana seli inayomtambua mtu mmoja?

Elektrodi hizi hutumika pia katika utafiti. Mwaka 2005 watafiti Rodrigo Quian Quiroga, Itzhak Fried na wenzao walieleza seli ya ubongo iliyoamka mgonjwa wa kifafa alipoona picha za mwigizaji Halle Berry, hata mwigizaji huyo akiwa amevaa kinyago, na hata jina lake likiwa limeandikwa tu. Haina maana kwamba seli hiyo ina kazi hiyo moja. Picha walizoonyeshwa wagonjwa zilikuwa chache.

Basi wanaweza kusoma siri zangu?

Hapana. Elektrodi hugusa sehemu ndogo tu, tena iliyochaguliwa kwa sababu ya kifafa. Ninachosisitiza mimi ni ruhusa: utafiti uombwe kando na matibabu, na anayekataa atibiwe vilevile.

Mwanangu ana kifafa. Nimtafutie upasuaji huu?

Kwanza dawa, mzazi mwenzangu. Wagonjwa wengi hutulia nazo. Usizikatishe ghafla hata akikaa miezi bila kuanguka. Dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zikishindwa, omba rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu.