Mkopo wa Bodi: Hamisi na Khamisi ni watu wawili

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, simu yangu haipoi. Haya ndiyo maswali ya mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, yaliyojirudia zaidi.

*Shikamoo mwalimu. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Hamisi, cha kidato cha nne kinasema Khamisi. Si ni mimi yule yule?*

Marahaba. Mama yako anajua ni wewe, lakini mfumo wa maombi mtandaoni unasoma herufi, na hiyo K moja inaweza kukukwamisha. Kabla hujagusa fomu, weka vyeti vyote mezani, ukague jina kwa jina: lako, la baba, la mama. Chenye kosa kirekebishwe kwanza. Halafu cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, nao hawafanyi uhakiki kwa dakika tano. Nawajua vijana wanaoanza kuhangaika siku tatu kabla dirisha la maombi halijafungwa, wamekaa kwenye steshenari wanatazama kiduara kinazunguka. Usiwe mmoja wao.

*Nilirudia mtihani wa kidato cha nne, nina namba mbili. Nitumie ipi?*

Ile ile uliyoombea chuo. Ukiombea udahili kwa namba moja na mkopo kwa nyingine, Bodi haitakuona chuoni.

*Baba alifariki, mama anauza mboga, ila mjomba alinilipia shule binafsi. Nifiche hilo la shule?*

Usifiche, mwanangu. Namba yako ya mtihani inaitaja shule uliyosoma, kwa hiyo hakuna cha kuficha. Kinachokusaidia ni ushahidi: cheti cha kifo cha baba kilichohakikiwa RITA, na barua ya mjomba inayoeleza kwamba yeye ndiye aliyekusomesha. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, taja namba ya kaya. Wengi huiacha kwa aibu, na sijui aibu ya nini.

Fomu ukishaichapisha, inasainiwa na wewe, mdhamini, serikali ya mtaa na mwanasheria au hakimu. Angalia mhuri usikalie saini. Ukiipiga picha kwa simu, kivuli cha mkono wako kisifunike jina la mwenyekiti. Nimeziona fomu za namna hiyo, hazisomeki. Ipitishe kwenye skana, kisha ndiyo uipandishe.

*Ada ya maombi ya 30,000 inarudishwa nikikosa?*

Hairudi. Na uilipe kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, si kwa namba ya "mtu wa ndani" aliyekupigia. Huyo ni tapeli.

*Awamu ya kwanza imetoka, jina langu halimo.*

Tulia kwanza, awamu huwa zaidi ya moja. Fungua akaunti yako ya maombi uone kama wameandika kuna kasoro. Awamu zote zikiisha hujapata, subiri dirisha la rufaa, na upeleke kielelezo ambacho hukupeleka mwanzo. Rufaa ya kulalamika tu haina mashiko.

*Nimepangiwa mkopo lakini bumu (hela ya kujikimu) halijaingia. Wenzangu wanakula chipsi kuku.*

Je, umekamilisha usajili chuoni? Namba ya akaunti ya benki uliyoweka ni sahihi? Nenda dawati la mikopo la chuo chako leo. Na hizo chipsi kuku ni deni: ukiajiriwa, 15% ya mshahara wako itakatwa kila mwezi. Afadhali yenu, ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Sisi tuliilipa.