Kabla ya kununua gunia la malighafi ya plastiki, uliza kilichochanganywa

Vijana wanaotaka kufungua karakana ya plastiki hapa Mwanza wakinipigia simu, swali la kwanza huwa bei ya gunia. Nimekaa na mashine hizi Nyakato kwa miaka, na jibu langu halibadiliki: bei iache kwanza, uliza humo mmechanganywa nini na kwa asilimia ngapi. Gunia lililoandikwa PP peke yake halijakuambia kitu.

PP ni polipropilini. Ikiwa propilini tupu, inakuwa ngumu na huyeyuka kwenye nyuzi 160 na ushee. Kiti au beseni la kufulia, sawa kabisa. Shida ni baridi: ikikaribia nyuzi sifuri hukakamaa na kupasuka kirahisi. Sasa peleka beseni hilo soko la samaki la Mwaloni Kirumba, lijazwe sangara na barafu, halafu mpagazi alibwage sakafuni. Mama mmoja muuza samaki aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mabeseni yenu ni ya kuoneshea wageni." Kazi yake ilihitaji kopolima ya mafungu, yaani PP iliyochanganywa na ethilini, ambayo ndani yake mna chembe za mpira wa ethilini na propilini. Ugumu unapungua kidogo, lakini inahimili kipigo hata kwenye baridi. Ipo pia PP yenye ethilini kidogo iliyotawanyika kwenye mnyororo mzima wa molekuli: ni angavu zaidi, huyeyuka mapema, kwenye nyuzi 145 hivi, na huchelewa kuganda ndani ya kalibu, kwa hiyo usiiharakishe.

Huna maabara? Kigandishe kipande kwenye friza usiku kucha, asubuhi kigonge nyundo. Mimi naliamini jaribio hilo kuliko maneno ya dalali.

Kwenye povu la kandambili na soli ndiko asilimia inakotesa watu zaidi. Malighafi yake, EVA, ni ethilini iliyounganishwa na vinili asetati. Vinili asetati ikiongezeka, minyororo inashindwa kujipanga vizuri, plastiki inakuwa laini na inayeyuka mapema. Polithini ya kawaida ya mifuko, ya ethilini tupu, huyeyuka karibu na nyuzi 110. EVA yenye vinili asetati asilimia 18, ambayo wengi hutumia kwa soli, huyeyuka kwenye nyuzi 85 hivi. Ukipanda hadi asilimia 28 umeshafika kwenye eneo la gundi: chembe zake hushikana zenyewe ghalani, hasa chini ya bati bila dari. Soli itakuwa laini kweli, lakini itabonyea na kubaki imebonyea.

Halafu linakuja suala la kuumua. Dawa ya gesi, azodikabonamidi, peke yake huchanganua karibu na nyuzi 200. Oksidi ya zinki hulishusha joto hilo hadi chini ya hapo. Wakati huohuo peroksidi inaunganisha minyororo. Viwili hivi lazima viende pamoja, kama unga na hamira: mnyororo ukikaza mapema, povu haliumuki, ukichelewa, gesi inatoroka na vishimo vinaporomoka. Ndiyo maana ukibadilisha asilimia ya vinili asetati, usidhani joto na dakika za zamani zitafaa. Kalibu likifunguliwa, soli huruka nje ikiwa kubwa kuliko tundu ilimotoka, kwa hiyo hata vipimo vya kalibu hutegemea mchanganyiko huo.

Ukisikia harufu ya siki karakanani, punguza joto mara moja. Ni asetati inayovunjika na kutoa tindikali ya asetiki, ambayo pamoja na kukereketa pua, hula chuma cha kalibu, na kalibu ni ghali kuliko magunia yako yote.

Na mtu akija kukuuzia chenga za soli kuukuu za EVA eti za kuyeyusha upya, mwambie aziyeyushe kwanza mbele yako. Peroksidi ilishafunga minyororo yake, zitaungua, haziyeyuki. Sagia kiasi kidogo kama kijazo, basi.