Maswali ya wasomaji: Mwanasheria wa jeshi yuko upande wa nani?

SWALI: Mwanangu ni askari. Alikuja likizo, akarudi kikosini amechelewa siku nne, sasa ana shtaka la utoro. Ameambiwa akaongee na mwanasheria wa jeshi. Huyo ndiye wakili wake?
Mama Askari, Mbalizi

JIBU: Si lazima, mama. Magwanda ni yaleyale, kazi ni tofauti. Yupo anayemshauri mkuu wa kikosi kama ushahidi unatosha na shtaka liandikweje. Yupo anayeendesha mashtaka. Yupo anayemtetea askari. Na shauri likifika mahakama ya kijeshi, yupo anayewaongoza wajumbe kwenye sheria, kwa kuwa wajumbe wenyewe ni maofisa na wengi hawakuisomea. Mshauri wa mkuu hana wajibu wa kutunza siri za mwanao. Kwa hiyo kabla ya kueleza lolote aulize: "Afande, unamwakilisha nani?" Akijibiwa "mkuu wa kikosi", apige saluti na anyamaze.

Shtaka la utoro husimama juu ya karatasi: saa na tarehe kibali kilipoisha, saa na tarehe aliyoripoti, na kama alikuwa na sababu. Tafuteni nakala ya kibali cha likizo, cheti cha hospitali chenye mhuri na tarehe, na ujumbe wowote aliotuma kikosini kutoa taarifa. Tiketi ya basi inaonyesha siku ya safari tu. Kama gari lilikwama Kitonga, ombeni barua ya wenye basi, ingawa sijui mjumbe atakayekubali kwamba Kitonga ilimeza siku nne.

Kinachoharibu mashauri haya zaidi ni maelezo yaliyotiwa saini harakaharaka "ili yaishe". Mtetezi anakuja baadaye na cheti cha hospitali, anakuta mteja wake ameshaandika kwamba alikuwa nyumbani akipumzika.

SWALI: Familia inaweza kumtafutia ndugu yetu askari wakili wa uraiani?
Kaka mtu, Makambako

JIBU: Kutafuta na kulipa mnaweza, lakini wakili hupokea maelekezo ya mshtakiwa, si ya ukoo. Ndugu yenu aandike mwenyewe kwamba anamtaka fulani amtetee, na barua ipite kwa wakubwa zake. Hakikisheni wakili ana cheti cha uwakili cha mwaka huu na anaijua Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, Sura ya 192. Bingwa wa kesi za mashamba asiyewahi kuifungua atajifunza kwa fedha zenu. Fanyeni haraka: shauri dogo mbele ya mkuu wa kikosi linaweza kuisha wakili hajashuka stendi.

Akitiwa hatiani, aombe nakala ya uamuzi siku hiyohiyo. Haki ya kukata rufaa imo kwenye Katiba, ibara ya 13(6)(a), ila muda wa kukata rufaa haumsubiri mtu.

SWALI: Binamu yangu yuko National Guard huko Marekani. Akikosea, anahukumiwa kwa sheria ipi?
Mwanafunzi wa sheria, Iringa

JIBU: National Guard ni jeshi la akiba la kila jimbo, kwa hiyo inategemea siku ya kosa alikuwa kazini kwa amri ya nani. Akiwa ameitwa kwenye utumishi wa serikali ya shirikisho, anabanwa na sheria ya kijeshi ya nchi nzima, iliyopitishwa 1950 na kuanza kutumika 1951. Akiwa chini ya gavana, iwe kwenye mafuriko au mazoezi ya kila mwezi, inatumika sheria ya kijeshi ya jimbo lake, hata kama posho inatoka Washington. Majimbo yako 50, na adhabu hazifanani.

Ndiyo maana mtetezi makini, kabla hata ya kusoma hati ya mashtaka, huomba amri iliyomwita askari kazini. Tarehe zisipolingana na siku ya kosa, mahakama ya kijeshi inaweza kukosa mamlaka, na shauri likaangukia mahakama za kiraia.

Wengi wa wanasheria wa majeshi haya ya majimbo ni mawakili wa uraiani wanaovaa magwanda wikiendi moja kwa mwezi. Binamu yako aulize mapema kama ofisi ya uraiani ya wakili wake inamtetea mtu mwingine wa kesi ileile. Ikiwa ndivyo, wakili anapaswa kujiondoa, na jalada lipewe mwingine.