Ukirudi kwenye taichi baada ya TB, anza kwa kusimama tu

Siku ya tano baada ya kumeza kidonge cha mwisho nilijiona mzima. Miezi sita ya dawa za kifua kikuu imekwisha, makohozi yamepimwa, hayana kitu. Alfajiri nikapanda daladala mpaka Coco Beach, nikaanza taichi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole: mfuatano mzima wa mikao 24 ya mtindo uitwao Yang, ule uliopangwa China mwaka 1956 ili watu wa kawaida waweze kujifunza. Wote hauchukui zaidi ya dakika sita hivi. Nikafika mkao wa 16, pale nyoka anaposhuka chini (unachuchumaa kwa mguu mmoja, mwingine umeunyoosha) kisha jogoo anasimama kwa mguu mmoja. Nyoka alishuka. Jogoo hakusimama. Nikabaki nimekaa mchangani natweta, muuza madafu ananiuliza, "Kaka, nikuitie bajaji?"

Ndugu yangu unayetaka kurudi, kinachotuponza ni kumbukumbu. Mikono haijasahau kitu, lakini mapafu na mapaja yamekaa kitandani miezi kadhaa.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu nikitegemea pole.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani kakutuma ucheze yote?"

Akanirudisha kwenye somo la kwanza kabisa: kusimama. Miguu upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, mikono mbele ya kifua kama umekumbatia mtungi, dakika tatu. Nilijiona nimerudishwa chekechea, mpaka ilipofika dakika ya pili mapaja yakaanza kutetemeka. Wiki mbili nilifanya hilo tu, karibu na ukuta, siku moja nafanya, siku moja napumzika. Wiki ya tatu ndipo nikaongeza kuhama uzito, kulia na kushoto, bila mikono.

Kipimo cha pumzi ni rahisi. Jirani akikusalimia na ukashindwa kumjibu "salama tu, sijui wewe" bila kukatika, umepitiliza. Walimu wengi husema fanya asilimia 70 ya uwezo wako. Kwa aliyetoka kuugua mimi nasema nusu, na usibane pumzi hata kidogo.

Jambo ambalo sikuambiwa mapema ni nyayo. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, inaweza kuathiri neva na kuleta ganzi miguuni. Ndiyo sababu wengine hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Ganzi yangu ilichelewa kuisha. Sasa taichi nzima ni kumimina uzito kutoka mguu huu kwenda ule, na mguu usiosikia ardhi utakuangusha bila taarifa. Mchanga mkavu wa ufukweni ndio mbaya kuliko yote, unazama huku unateleza. Tafuta sakafu ya saruji, kibaraza chako kinatosha, na viatu vyepesi vya soli bapa. Ukiupenda ufukwe, nenda maji yakiwa yamekupwa, usimame pale mchanga ulipolowa ukashikana. Ganzi isipopungua, mwambie daktari.

Joto la Januari na Februari hapa Dar usishindane nalo. Saa moja asubuhi uwe umemaliza. Na ukiona homa za jioni, jasho la usiku, uzito unapungua au damu kwenye kohozi, acha mazoezi uende kliniki siku hiyo hiyo.

Utasikia habari za Zheng Manqing, mwalimu maarufu aliyeugua kifua kikuu ujanani, akaingia kwenye taichi, na baadaye akaufupisha mfuatano wa Yang uwe wa mikao 37. Habari ya kutia moyo, lakini yeye alianza zama ambazo dawa za TB hazijagunduliwa. Wewe unazo. Kama hujamaliza dozi, taichi haichukui nafasi ya kidonge hata kimoja.

Watu watacheka, hilo nalo lipo. Mama mmoja mtaani kwetu aliniuliza kama nafukuza mbu polepole. Siku hizi anakuja na kanga yake kiunoni, tunasimama wote kibarazani, halafu tunakunywa uji.

Huu ni mwezi wangu wa nne. Nafika mkao wa 10, mikono ya mawingu, kisha nafunga. Siku nikiwa na nguvu naendelea mpaka kwa nyoka, ila nyoka wangu kwa sasa anainama tu, hashuki.